Maneno kumi na mbili ubaoni, Jumatatu yote yamepotea

Mama Mwalimu anajibu barua zenu

Hamjambo wapendwa wangu. Mwezi huu mmeniandikia kama mmepanga, manake barua nyingi zimeangukia shimo moja: maneno ya hadithi. Naelewa. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe ile Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kuanzia shule za msingi, kuna maticha wengi wamepewa kipindi cha Kiswahili mkononi, wengine hata hawakukiomba, wanaambiwa tu we si umewahi kukaa Busia, kule mpakani na Kenya, basi fundisha. Haya tuanze.

*

*Mama Mwalimu, shikamoo. Nafundisha Kiswahili P4, darasa la nne la msingi, hapa Masaka. Kila hadithi naanza kwa kuandika maneno kumi na mbili ubaoni na maana zake, watoto wananakili, tunayasoma kwa sauti mara tatu, ndo tunaingia kwenye hadithi yenyewe. Ijumaa nawapa tesiti wanapata kumi, kumi na moja. Jumatatu ukiuliza ni kimya, kama hatujawahi kukutana. Sa hivi tuko kwenye ile hadithi ya sungura na kisima: ukame umepiga, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba halafu usiku anakuja kuiba maji, mwisho kobe anajipaka ulimbo mgongoni ndo anamnasa. Maneno yangu ni ukame, kisima, chimba, kiu, mvivu, hila, linda, zamu, ulimbo, nata, jigamba, aibu. Nakosea wapi? Ticha wa Masaka*

Marahaba mwanangu. Kwanza usijilaumu, mi mwenyewe nilifundisha hivo miaka na miaka, na daftari za watoto wangu zilikuwa safi sana, zimejaa maneno na maana, ukifungua ukurasa unaona raha. Vichwani hamna kitu.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Kumi na mbili ni mengi mno. Mtoto wa P4 ndo mwaka ule ule anaotolewa kwenye lugha ya nyumbani, si unajua P1 mpaka P3 anasomeshwa Kiganda, halafu P4 masomo yote yanageuka Kiingereza, na juu ya hapo we unamletea Kiswahili. Mtoto huyo kwa wiki anabebeshwa maneno ya sayansi, ya hesabu, ya social studies, yote mageni. Ukimpa kumi na mbili atayabeba mpaka Ijumaa kwa sababu ya tesiti halafu atayatua pale pale getini.

Chukua matano. Sasa matano yapi, hapo ndo kazi ya ticha ilipo, manake wengi tunachagua maneno kwa kuangalia lipi ni gumu, wakati swali ni lipi hadithi inalisimamia. Jiulize hivi: nikilitoa hili neno, hadithi inaanguka? Halafu la pili: mtoto atalikuta tena mahali pengine, nje ya hadithi hii? Ulimbo ni neno zuri lakini atalikuta wapi tena, labda mara moja maishani, basi we mwambie tu ni gundi ya mtini mwende mbele. Kiu na mvivu yaonyeshe kwa mkono na uso, sekunde tano, yamepita. Lakini linda, zamu, hila, ukame, nata, hayo ndo hadithi yenyewe. Bila zamu huwezi kuelewa kwa nini usiku ule fisi ndo alikuwa kisimani na siyo tembo. Bila linda huna hadithi kabisa.

Na hapo hapo kwenye linda nikusimamishe kidogo, manake we uko Masaka, darasa lako ni la Waganda. Umewahi kumuuliza mtoto wako "linda" ni nini? Atakwambia ni kungoja. Kwa Kiganda linda ni ngoja. Sasa we unasoma "fisi alilinda kisima usiku kucha", mtoto anaona fisi amekaa anakingoja kisima, kisima kimeenda wapi sijui, na ananyamaza kwa sababu anadhani ameelewa. Hilo ndo neno baya kuliko yote, lile ambalo mtoto anadhani analijua. Neno geni kabisa atauliza. Neno linalofanana na lake hataliuliza hata siku moja.

Yako mengi. Ukame: Kiganda okukama ni kukamua ng'ombe, na hata Kiswahili chenyewe tunasema kukama, kwa hiyo niliwahi kuwaambia watoto wachore ukame, nikaletewa ng'ombe na ndoo ya maziwa, ng'ombe amenona kweli kweli. Shika: okusika kwao ni kuvuta, ukisema kobe alimshika sungura wao wanaona kobe anamvuta. Na hii ndo naipenda kuliko zote, "fisi akafumba macho". Okufumba ni kupika! Darasa zima lilikuwa limekaa limeduwaa, fisi anapika macho, mtoto mmoja akauliza macho ya nani.

Cheka nao. Halafu andika ubaoni upande huu linda ya nyumbani, upande huu linda ya hadithi, mwite mtoto mmoja angoje mlangoni, mwingine alinde mlango, wenzake waseme nani anafanya nini. Dakika mbili. Neno hilo halitoki tena.

Lakini usiogope Kiganda eti kinawaharibu, kinakusaidia mara kumi zaidi ya kinavyokutega. Kisima, kwa mfano, mbona unaliweka kwenye orodha ya maneno magumu? Waulize tu kuchimba kwao ni nini. Watasema okusima. Basi, kisima ndo kile kilichosimwa, mtoto anashtuka, anaona lugha hii siyo ya watu wa mbali, ni ndugu yake aliyekulia pwani. Ukimpa mtoto furaha hiyo mara mbili tatu ataanza kuwinda mwenyewe, atakuja asubuhi anakwambia ticha, kwenu mbuzi kwetu embuzi, kwenu cheka kwetu seka. Hila nayo usihangaike na tafsiri, sema tu "zile akili za Wakayima". Wote wamekua na Wakayima, wanajua sungura yule alivyo, hakuna maana ya kamusi itakayoshinda hiyo.

Tatizo la pili ni mpangilio wako. Unamaliza maneno kwanza halafu ndo hadithi, yani unampa mtoto funguo tano wakati hajaona mlango hata mmoja. Mi siku hizi kabla ya hadithi nafundisha neno moja tu au mawili, yale ambayo bila hayo mwanzo haueleweki, hapa ni ukame na kisima, basi. Halafu "Paukwa!" "Pakawa!" naanza. Nasimulia, sisomi, kitabu nimekifunga, na nikifika kwenye linda nasimama, naonyesha, naendelea. Nikifika nata nasimama tena, nimekuja na utomvu wa fenesi kwenye jani, mtoto mmoja anagusa kwa vidole viwili halafu anajaribu kuviachanisha. Nani Masaka hajawahi kunatwa na fenesi? Mikono inanata, kisu kinanata, mdomo unanata. Kidole kile kikishanata umeshamaliza, huna haja ya kuandika "nata ni kushikamana na kitu kwa sababu ya utelezi mzito" au sijui vitabu vinaandika nini, maana yenyewe ngumu kuliko neno.

Hadithi ikiisha ndo unarudi kwenye maneno, na unayatoa nje ya hadithi. Hapa wengi tunaacha mapema. Mtoto anajua fisi alilinda kisima, sawa, lakini je, nani analinda geti ya shule? Mama yako anaweza kulinda chungu jikoni kisichemke kikamwagika? Askari akilala, bado analinda? Hapo watagombana, wengine watasema ndiyo yuko pale, wengine watasema hapana amelala, waache wagombane, ni Kiswahili wanagombania. Zamu ni rahisi zaidi, nani zamu yake kufagia leo? Sema hivo kila siku mpaka neno lichoke. Ukame ukija matope yanakuwepo? Hizi ndiyo-hapana zinaonekana za kitoto ila zinamlazimisha mtoto kuligeuza neno kichwani, kunakili hakumlazimishi kitu, mkono unanakili kichwa kiko kwenye mpira.

La tatu ni Jumatatu yako yenyewe. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, 1885 huko, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri visilabi visivyo na maana kisha anapima anasahau kwa kasi gani, akakuta unasahau sana mwanzoni, saa za kwanza na siku za kwanza, halafu kusahau kunapungua mwendo. Na akakuta ukirudia kwa kuachanisha siku unashinda kurudia kwa kurundika siku moja. We unarundika. Unasoma maneno mara tatu Jumatatu, tesiti Ijumaa, kwaheri. Badala yake fanya dakika tatu leo, dakika mbili kesho, moja keshokutwa, halafu wiki ijayo katikati ya hadithi nyingine kabisa uliza ghafla "nani anakumbuka hila?" Mi nilikuwa na boksi la sabuni, kila neno lililofundishwa linaandikwa kwenye kipande cha manila linaingia humo, na watoto wakienda brek kila mmoja wa mstari wa mbele anachomoa moja analitumia kwenye sentensi ndo anatoka. Ujue njaa inafundisha. Ifikapo mwisho wa temu boksi lina maneno sitini hivi na yote yanapumua.

Na uniahidi kitu kimoja, acha kufundisha kitenzi kikiwa uchi peke yake. Ubaoni umeandika "linda", kwenye hadithi kuna "walikilinda", "alipokuwa akilinda", "kisilindwe". Mtoto anatafuta linda yake haioni. Chukua dakika moja waonyeshe wapige mstari chini ya linda kila inapojificha, ni kama kutafuta sungura kichakani na wanapenda. Majina nayo yaende na mwenzake, kisima visima, jicho macho, la sivyo watakuletea majicho.

*

*Mama Mwalimu, niko Gulu, P5, watoto 94, kitabu kimoja cha kwangu. Hadithi nyingi kwenye kitabu hiki ni za pwani, jahazi, nahodha, tanga, mnazi. Wenzetu wa kusini wana bahati lugha zao zinafanana na Kiswahili. Sisi Acholi tutafanyaje? Na picha sina. Min Okello*

Min Okello, pole na hongera, 94 siyo darasa ni kijiji. Ni kweli Acholi haina ule undugu, maji kwenu ni pii, hakuna daraja hapo. Lakini pia hamna ile mitego ya linda na fumba, kwa hiyo msiwaonee wivu sana wa Masaka.

Tumia mwili. Miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, James Asher, alianza kusambaza njia ya kufundisha lugha kwa amri, ticha anasema simama, kimbia, geuka, beba, na wanafunzi wanatenda bila kulazimishwa kusema kwanza, na wanakumbuka. Kwa 94 hiyo ndo dawa manake haihitaji kitabu wala picha. Tweka tanga! Wote mikono juu wanavuta kamba. Piga kasia! Wote wanapiga. Mawimbi! Benchi zote zinayumba. Kelele itakuwepo, mwambie hedmasta mapema, chagua kipindi ambacho darasa la jirani liko nje.

Jahazi mchore wewe ubaoni, mbaya tu inatosha, mstari wa chini kama ndizi na pembetatu juu yake. Waambie mtumbwi ule wa Pakwach wanaoujua, sasa fikiria mkubwa sana, una shuka kubwa inayoshika upepo. Mtumbwi wa Pakwach ndo ngazi, panda nayo. Lakini ushauri wangu wa kweli: hadithi mbili za kwanza usifundishe hizo za pwani kabisa. Mtoto kujifunza neno geni la kitu anachokijua ni kazi moja, kujifunza neno geni la kitu kigeni ni kazi mbili, na we una watoto 94. Anza na Apwoyo, sungura wenu, hadithi wanayo tayari kichwani kwa Kiacholi, we unawapa maneno tu. Wakishazoea ndo uwapeleke baharini. Na kama una simu yenye intaneti hata ya wikendi tu, ingia tovuti ya African Storybook, kuna hadithi fupi fupi za bure zenye michoro, za Kiswahili na lugha nyingi za kwetu, unaruhusiwa kudaunlodi na kuchapa, hakuna wa kukudai.

Kitu kingine, wape kazi wawili wawili. Ticha akiuliza swali, anajibu mmoja, 93 wanalala. Sema "mwambie jirani yako hila ya sungura ilikuwa gani" na wote 94 wanasema kwa mkupuo mmoja, we pita katikati sikiliza kumi tu. Hutasikia makosa yote, achana nayo.

*

*Mama Mwalimu habari. Huku Kasese watoto wangu wengi wanajua Kiswahili tayari lakini ni kile cha Kongo, wanasema batoto, muzuri, mayi, bitu. Nikifundisha maneno ya hadithi wanacheka, wanasema ticha unasema vibaya. Niwakemee? Ticha wa mpakani*

Usiwakemee hata kidogo! Unajua wangapi Kampala wangelipa pesa kupata darasa kama lako? Watoto wako wanasikia hadithi nzima kwa mara ya kwanza wakaielewa, wakati wenzao wa Masaka bado wanapika macho.

Kilicho tofauti kwao ni sauti na viambishi zaidi kuliko maneno. Bitu ni vitu, batoto ni watoto, mayi ni maji, mtoto akishaona kwamba "ba" yake inakuwa "wa" kitabuni anabadilisha mwenyewe maneno hamsini bila we kufundisha hata moja. Tengeneza chati moja ukutani, nyumbani tunasema hivi, kitabuni kumeandikwa hivi, na waijaze wenyewe. Neno "vibaya" liondoe, lako na lao. Mi nilikuwa naiita Kiswahili cha soko la Mpondwe na Kiswahili cha kitabu, na mtoto akisimulia hadithi kwa mdomo naacha achanganye, akiandika ndo namwambia sasa vaa ya kitabu.

Wewe maneno yako matano yachague tofauti na wengine basi. Usipoteze muda na maji na kimbia. Nenda kwenye yale ya ndani, hila, jigamba, tahayari, sononeka, kwa sababu darasa lako lina nafasi ya hayo. Na yale yenye sura mbili tatu, paa ni mnyama, ni la nyumba, na ni kuruka juu, kaa ni yule wa mtoni, ni la moto, na ni kuketi. "Paa alikaa juu ya paa." Wape sentensi hiyo wachore. Mtaona mambo.

*

*Mwalimu, mimi siyo ticha, naendesha boda Ndeeba. Nina mapacha P4, Wasswa na Kato, wanarudi na listi ya maneno ya Kiswahili wananiambia taata tusaidie. Kiswahili changu ni cha rodibloku tu, toa leseni, leta kitambulisho, kaa chini. Juzi nimembeba Kato ananiambia "simba! simba!" nikapiga breki katikati ya barabara, kumbe anasoma neno. Jjajja wao, mzee wetu wa nyumbani, naye hataki kabisa kusikia, anasema ni lugha ya wanajeshi. Nifanyeje? Ssalongo*

Ssalongo wangu, habari za barabara. Nimecheka mpaka nimemwaga chai, na walio nje ya Buganda niwaeleze, kwa Kiganda "simba" unamwambia dereva apaki. Asante Mungu nyuma yako hakukuwa na lori.

Hujui Kiswahili na hiyo ni faida yako, nakuambia kweli. We ndo uwe mwanafunzi. Jioni waambie wakusimulie hadithi ya shule kwa Kiganda, lakini yale maneno matano wayaache kwa Kiswahili hivo hivo ndani yake. "Awo engo n'eraba wakayima ng'ali ku kisima, n'egamba nti we una hila!" Yani chui akamwona sungura kisimani, akamwambia we una hila. Kitu kama hicho. We hujui hila ni nini, utauliza, na watakueleza, watabishana wenyewe kwa wenyewe maana ni mapacha, na mtoto akishamweleza baba yake neno amelishika. We ukilikosea kesho yake watakusahihisha kwa furaha sana. Kosea makusudi mara moja moja.

Usiwakalishe wakariri listi. Ukiona ticha anatuma listi ya maneno ishirini kwa usiku mmoja mwambie kwa heshima Mama Mwalimu amesema hapana, na kama atakasirika mpe hili gazeti.

Barabarani nako ni darasa. Maneno ya Kiswahili yako kila mahali, tatizo hatuyaoni tu. Duka, gari, sabuni, sahani, mengine Kiganda kimeshayachukua siku nyingi, waulize watoto emmeeza ni nini kwa Kiswahili, watasema meza, ekitabo, kitabu. Ndeeba mpaka nyumbani ni maneno sita bila kushuka.

Sasa Jjajja. Hapo sitakudanganya kwamba kuna maneno matamu ya kumbadilisha. Yeye anakumbuka. Idi Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa 1973, na kwa watu wa umri wake sauti ya Kiswahili ni ya rodibloku na ya watu wanaogonga mlango usiku, siyo ya hadithi. Mi mama yangu mzazi alikuwa hivo hivo, nilikuwa naenda kufundisha ananiambia haya nenda kwa masoja wako. Usibishane naye mbele ya watoto. Lakini Jjajja ana kitu ambacho ticha wa mapacha wako hana, ana zile hadithi zenyewe, ndefu, na nyimbo zake za katikati. Muombe awasimulie Wakayima kwa Kiganda chake safi, asiguse Kiswahili. Watoto wakienda shule wakakuta sungura wa kitabuni anafanya yale yale, nusu ya kazi ya neno imekwisha. Na aanze na "Koyi koyi!" nao waitike "Lya!" halafu kama Kato akijisahau siku moja akasema "Kitendawili!" muone Jjajja atafanyaje. Mama yangu aliitika "Tega" kwa sauti ndogo, akajifanya anakohoa.

*

*Mama, swali fupi. Nimeacha kuwaambia watoto waandike maana, sasa nasahihisha nini? DOS, yule mkuu wa masomo shuleni, anataka maksi. Pia semina moja walitufundisha jedwali la vyumba vinne, maana, sifa, mifano, na visivyo mfano. Nilitumie? Ticha, Mbale*

Jedwali lile la vyumba vinne limetoka kwa kina Dorothy Frayer, Chuo Kikuu cha Wisconsin Marekani, 1969, na ni zuri sana kwa P6 na P7, hasa kile chumba cha visivyo mfano. Kwa P4 linakula nusu saa kwa neno moja. Mi natumia chumba hicho kimoja tu kwa mdomo: nipe mtu anayelinda, nipe mtu ambaye halindi lakini anaonekana kama analinda. (Watasema askari wa benki aliyesinzia, kila mwaka, kila darasa.)

Maksi za DOS utazipata hivi. Mpe mtoto mwanzo wa sentensi amalizie: "Fisi hakulinda kisima vizuri kwa sababu..." Akiandika "alilala" amepata, na hata kama ameandika alilalla kwa L mbili mpe, we unapima neno linda, siyo tahajia, tahajia ina siku yake. Asiyejua maana hawezi kumalizia, hapo hakuna kukariri. Au waite watano kwa siku, kila mmoja asimulie kipande cha hadithi kwa kutumia maneno matatu anayoyachomoa kwenye boksi, maksi moja kwa kila neno lililokaa mahali pake. Kwa wiki umepita darasa zima kama ni dogo, kama ni la Gulu itachukua wiki nne hivi lakini utamaliza. Na mpe DOS namba zake, anachotaka ni karatasi ijae.

Halafu wewe wa Masaka, nilisahau. Ukileta utomvu wa fenesi darasani beba na mafuta ya kula kwenye kichupa pamoja na kitambaa, mtoto apake mafuta kwanza ndo anawe kwa sabuni, manake ukianza na maji unauzidisha tu, na madaftari yote yawe yamefungwa yako chini ya benchi, hasa yale safi.